Mkaa wa Maikrowevu, Gesi au Umeme: Kipi Kinalipa Jikoni Mwanza?

Nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, kuanzia Magu hadi Misungwi, pumba zimerundikana. Shambani, masalia ya pamba hung'olewa na kuchomwa moto kila msimu ukiisha, kwa agizo la serikali, ili wadudu wasipate pa kujificha. Ziwani, magugu maji yanaziba mialo. Na bado gunia la mkaa linaingia mjini kila alfajiri. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba ipo mitambo ya maikrowevu inayogeuza mabaki ya mimea na takataka kuwa mkaa, mafuta na gesi, huuliza papo hapo: mbona sisi bado tunakata miti?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo kwenye hesabu. Hapa tunapanga mezani nishati zinazopatikana kwa mkazi wa Mwanza, tunazipima kwa kazi moja, kisha tunauliza kama maikrowevu ina nafasi yoyote kati yake.

Kipimo chetu: sufuria ya lita 5

Bei ya kilo ya mkaa, ya uniti ya umeme na ya mtungi wa gesi hazilinganishiki zikiwa hivyo zilivyo. Kilo ya gesi ina joto kubwa kuliko kilo ya mkaa, na jiko la bati hupoteza joto jingi kuliko jiko banifu. Tumechagua kazi ambayo kila nyumba huifanya: kuchemsha lita 5 za maji. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kuyatoa kwenye nyuzi 25 hadi hapo kunataka megajuli 1.5 za joto linaloingia ndani ya maji yenyewe.

Kwa umeme tumetumia bei ya TANESCO. Mteja wa kawaida wa T1 hulipa Sh292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT pamoja na tozo za REA na EWURA inafika kama Sh356. Mteja mdogo wa D1 hulipa Sh100, yaani kama Sh122 pamoja na makato, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Bei za mkaa na gesi hubadilika mtaa kwa mtaa, kwa hiyo tumeweka za mfano: mkaa Sh1,000 kwa kilo, na gesi Sh24,000 kujaza mtungi wa kilo 6. Kama kwenu mkaa ni Sh1,200, ongeza moja ya tano kwenye jibu letu. Hesabu nyingine inabaki palepale.

Sufuria moja ya lita 5 inagharimu hivi:

- Mkaa wa miti, jiko la bati: gramu 260, Sh260
- Mkaa wa miti, jiko banifu: gramu 170, Sh170
- Gesi ya mtungi: gramu 60, Sh240
- Umeme wa T1, jiko la koili: uniti 0.6, Sh210
- Umeme wa T1, jiko la induksheni: uniti 0.5, Sh175
- Umeme wa D1, jiko la koili: uniti 0.6, Sh73
- Mkaa wa pumba za mpunga, jiko banifu, ukiuzwa Sh1,000 kwa kilo: gramu 290, Sh290

Majiko hayafanani hata yakiwa ya aina moja, kwa hiyo tofauti ya shilingi 20 au 30 isikusumbue. Tofauti ya kutazama ni ile inayokaribia mia na zaidi, nayo inaonyesha mambo mawili. Kubadili jiko la mkaa tu kunaokoa theluthi nzima ya matumizi. Na umeme, ambao wengi wanauogopa kama nishati ya matajiri, unakwenda bega kwa bega na mkaa, na kwa mteja wa D1 unauacha mbali.

Mkaa wa miti: bei unayoiona na bei unayolipa

Nguvu ya mkaa ni kwamba unanunulika kwa kopo. Mwenye Sh2,000 ya siku anaondoka na mkaa wa siku. Lakini kopo na kisado hupima ujazo, na mkaa mwepesi hujaza kopo sawasawa na mkaa mzito. Gonganisha vipande viwili: mkaa ulioiva vizuri hulia kwa sauti kali kama ya kigae, na ambao haujaiva hutoa sauti butu kisha utakuletea moshi jikoni. Ukinunua gunia, mwombe muuzaji alimwage juu ya turubai. Kitakachotoka mwisho kabisa ni chenga na vumbi, na ukivipima utakuta umelipia kilo ambazo haziwezi kukaa kwenye jiko. Zile nyasi zilizofungia mdomo wa gunia, na vipande vikubwa vilivyopangwa juu yake, havisemi lolote kuhusu kilichoko chini.

Kwa anayenunua kwa kopo, ushauri wa kwanza ni jiko banifu lenye kauri ndani. Kwa hesabu yetu, kila sufuria inaokoa kama Sh90. Nyumba inayopika sawa na sufuria sita kwa siku inabakiza zaidi ya Sh500 kila siku, na bei ya jiko inarudi ndani ya wiki chache.

Ipo pia gharama isiyolipwa kwa kopo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kuingiza jiko ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa kuota moto tu msimu wa mvua, kumeua watu wengi nchini.

Gesi: pima mtungi kabla hujaubeba

Gesi haiko chini kwa bei ya sufuria, ila ina mengine ya kuisifia: inawaka mara moja, inazimika mara moja, na moto wake haupotei bure chai ikishaiva. Mpishi wa mkaa akishachemsha chai bado ana moto wa nusu saa anaoulipia bila kuutumia. Ukiweka hasara hiyo kwenye hesabu, gesi na mkaa wa jiko la bati havishindani tena. Gesi inashinda kwa vyakula vya haraka: chai, mayai, kupasha kiporo, kukaanga sato.

Kikwazo ni fedha ya mkupuo. Mtungi na kichwa chake ni mzigo wa kwanza, ndiyo maana serikali kupitia REA imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Kisha kuna Sh24,000 ya kujaza, ambayo anayelipwa kwa siku haipati kwa pamoja. Ukifika kwa muuzaji, uliza mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Toa huo kwenye uzito wa jumla, na kilichobaki kiwe kilo 6. Ikipungua nusu kilo, umelipa Sh2,000 kwa hewa.

Umeme: mpishi wa maharage aanzie hapa

Kuchemsha maji ni sehemu ndogo ya mapishi. Maharage, makande na kongoro hukaa jikoni saa mbili na zaidi, na huko ndiko mkaa unakoliwa. Presha kuka ya umeme hupika nusu kilo ya maharage kwa chini ya nusu uniti, kwa sababu mvuke hautoki na chombo kimezibwa joto lisivuje. Kwa T1 hiyo ni pungufu ya Sh180. Kwa D1 ni karibu Sh60. Ukiyapika kwa jiko la bati, mkaa utakaotumika unaweza kukaribia kilo nzima. Hakuna mlinganisho mwingine katika makala haya wenye pengo kubwa kama hilo.

Mteja wa D1 awe mwangalifu. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti 2.5 kwa siku, na humo zimo taa, simu, redio na labda friji. Uniti inayozidi 75 hutozwa Sh350 kabla ya kodi, na anayezidisha mara kwa mara huhamishwa kundi. Kwa hiyo D1 inafaa kupikia maharage na wali kwenye presha kuka. Kupikia kila kitu kwenye koili kutakutoa kwenye nafuu uliyonayo. Na usihesabu bei ya uniti kwa risiti ya kwanza ya mwezi, maana LUKU hukata humo kodi ya jengo, Sh1,500 kwa nyumba ya kawaida.

Kukatika kwa umeme kusipuuzwe. Nyumba yoyote inayohamia umeme ibakize njia ya pili, iwe mtungi mdogo au jiko banifu.

Mkaa mbadala: jua ulichouziwa

"Huu hauna moshi, mama, na unakaa muda mrefu," muuzaji atakwambia. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na bado ukapata hasara. Jina la mkaa mbadala linabeba vitu tofauti kabisa. Rafiki Briquettes ya STAMICO hutokana na makaa ya mawe. Mwingine hufinyangwa kwa chenga za mkaa wa miti zilizochanganywa na uji wa mihogo. Mwingine ni maranda ya mbao, mwingine pumba za mpunga.

Tatizo la pumba ni jivu. Asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa pumba mbichi ni jivu, sehemu kubwa silika. Pumba zikigeuzwa mkaa, gesi na mvuke vinaondoka lakini jivu linabaki lote, na sasa linakuwa karibu nusu ya mkaa wenyewe. Jivu haliwaki. Kilo ya mkaa wa pumba ina kama megajuli 17, ilhali mkaa wa miti una kama 29. Maana yake kwa mnunuzi ni hii: mahali ambapo mkaa wa miti ni Sh1,000 kwa kilo, mkaa wa pumba usizidi Sh600. Ukilipa zaidi, unalipia mchanga.

Jaribio lake ni rahisi. Pima kilo moja, iwashe hadi iishe, kisha pima jivu. Mkaa mzuri wa miti huacha gramu 30 hadi 50. Ukikuta gramu 400, umeshajua. Angusha pia kipande kimoja kutoka kiunoni hadi sakafuni. Kikisambaratika, kitasambaratika pia ndani ya jiko na kuziba matundu ya hewa.

Sasa maikrowevu

Mkaa wowote hutengenezwa kwa kupasha joto jani au kipande cha mti bila hewa ya kutosha. Tanuri la mchoma mkaa lililofunikwa kwa udongo kule Geita hufanya hivyo, na mtambo wa maikrowevu hufanya hivyohivyo. Tofauti ni mahali joto linapotoka. Tangu Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani alipotambua mwaka 1945 kwamba mawimbi ya rada yanaweza kupika, tunajua kuwa mawimbi hayo hutikisa molekuli za maji na kuzitia joto ndani kwa ndani, pasipo kusubiri joto lipenye kutoka nje. Pumba zilizokauka hazinyonyi mawimbi vizuri, kwa hiyo hutiwa unga kidogo wa mkaa ili upokee joto na kulisambaza. Kwenye nyuzi 400 hadi 600, kinachobaki ni mkaa, mafuta mazito meusi na gesi inayowaka. Kazi huisha kwa dakika badala ya siku, moshi haumfikii mtu, na mtambo unazimwa kwa swichi.

Hayo yote ni kweli. Sasa tulete bei. Kukausha na kugeuza kilo moja ya pumba zenye unyevu wa asilimia 10 kunataka takriban megajuli 1.4 za joto. Chombo kinachozalisha mawimbi hupoteza sehemu kubwa ya umeme kabla haujafika kwenye pumba. Tukimpa mtambo ufanisi wa asilimia 60, tunahitaji uniti 0.6 kwa kila kilo ya pumba. Kilo tatu za pumba hutoa kama kilo moja ya mkaa. Hiyo ni karibu uniti 2, au Sh700 kwa bei ya T1, kabla ya kulipa mtambo, kibarua, uji wa mihogo wa kufinyangia na usafiri.

Tumeshaona kuwa mkaa huo haustahili kuuzwa zaidi ya Sh600 kwa kilo. Umeme peke yake umeshavuka bei ya sokoni.

Igeuze hesabu upande wa pili. Kilo moja ya mkaa wa pumba, ndani ya jiko banifu, huchemsha sufuria tatu na nusu. Uniti 2 zilizotumika kuutengeneza, zingepelekwa moja kwa moja kwenye jiko la induksheni, zingechemsha sufuria nne. Umeme umezungushwa kupitia pumba, kiwandani, sokoni na kwenye jiko, na umerudi na joto pungufu ya lile uliloondoka nalo. Mwenye umeme wa kutengenezea mkaa tayari anao umeme wa kupikia.

Mtetezi wa mtambo ana hoja moja nzito. Gesi na mafuta yanayotoka humo bado yana nishati, na yakisafishwa na kuendesha jenereta yanaweza kurudisha zaidi ya nusu ya umeme uliotumika. Lakini jenereta na vichujio vyake ni mtaji mwingine na fundi mwingine. Pipa la lita 200 lililotengenezwa vizuri hutumia gesi hizohizo bure: linaziunguza na kupata joto la kuendeleza kazi, bila hata uniti moja ya LUKU. Karakana za chuma zinaweza kulitengeneza, na SIDO ina ofisi Mwanza kwa anayetaka ushauri wa teknolojia ndogo kama hizo.

Hata waliotangulia duniani wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Chris Turney, mwanasayansi aliyewahi kuunguza kiazi kwenye maikrowevu kwa dakika 40 alipokuwa kijana na kukikuta kimekuwa mkaa, baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya CarbonScape huko New Zealand kwa ajili ya mkaa wa maikrowevu. Leo kampuni hiyo inajulikana kwa kutengeneza grafiti ya betri kutokana na mabaki ya mbao. Iliacha soko la mkaa ikafuata bidhaa ambayo bei yake inaweza kubeba gharama ya kuitengeneza.

Magugu maji yanafaa wapi?

Mwanzoni mwa mwaka 2025 magugu maji yalisumbua vivuko vya Kigongo–Busisi, na watu wengi wakauliza kwa nini yasigeuzwe mkaa. Gugu bichi ni maji kwa asilimia 90 na zaidi. Tani moja ina kilo 900 za maji, na kuyageuza mvuke kwa umeme kunataka uniti 640, yaani takriban Sh228,000, hata mtambo usipopoteza chochote. Kilo 100 za majani makavu zinazobaki zina megajuli kama 1,400. Kuzikausha kumekula 2,300. Jua linakausha bure, kama wanavyojua waanika dagaa, lakini shughuli ya kuvuna, kuanika na kugeuza ina wenyewe wanaotaka malipo.

Njia isiyoogopa maji ni biogesi, kwa kuwa bakteria wake huishi ndani ya maji hayohayo. Upande wa Kenya, katika ufuko wa Dunga, Kisumu, magugu yameshajaribiwa kwenye mitambo midogo ya biogesi. Kwetu, mwenye ng'ombe watatu wanaofugwa zizini ana kinyesi cha kutosha kupikia familia, na CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikieneza mitambo ya aina hiyo kwa miaka mingi. Gharama ni ya ujenzi. Baada ya hapo unalipa kwa koleo na ndoo.

Maikrowevu imfae nani?

Inaweza kumfaa anayelipwa ili taka ziondoke. Taka za hospitali zinahitaji kuuliwa vijidudu, na maikrowevu hutumika kwa kazi hiyo katika nchi kadhaa. Plastiki na matairi, ambayo yakichomwa wazi hutoa moshi wa sumu, huweza kurudishwa kuwa mafuta. Hapo mkaa au mafuta ni nyongeza. Kipato kikubwa ni ada ya kupokea taka. Halmashauri ya Jiji au kiwanda kinaweza kupiga hesabu hiyo. Mama lishe wa Kirumba hana sababu ya kuibeba ndani ya bei ya mkaa wake.

Ndiyo maana mjasiriamali anayeletewa mtambo wa kutengeneza mkaa kwa umeme aulize mambo matatu kabla ya kusaini: unakula uniti ngapi kwa kilo ya mkaa unaotoka, pumba au maranda yaingie na unyevu gani, na jivu la mkaa huo ni asilimia ngapi. Muuzaji asiyeweza kujibu swali la kwanza kwa namba, mwache na mtambo wake.

Uamuzi wetu

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Kwa mnunuzi wa leo tunapendekeza hivi.

Mpangaji wa chumba kimoja mwenye D1: presha kuka ya umeme kwa vyakula vigumu, jiko banifu kwa yaliyobaki. Familia yenye T1: induksheni au presha kuka, na mtungi wa kilo 6 wa akiba. Mfugaji wa Ilemela au Misungwi: biogesi kwanza, hata kama ujenzi utamchukua msimu mzima wa kuweka akiba. Shule na mama lishe wa sufuria kubwa: ombeni bei ya gesi ya mitungi mikubwa na ya mkaa mbadala, kisha mlinganishe kwa megajuli na jivu, msidanganywe na bei ya kilo. Anayeishi jirani na mashine ya kukoboa: pumba bado ni mali, lakini zichomwe kwa pipa au ziuzwe kwa wachoma matofali. Zikiombwa kwa ajili ya mtambo wa umeme, muuzie mhusika kwa fedha taslimu, na mtaji wako uubakize mfukoni.